Kuchanika na Kuachana

Siku ya kuniaga walisema nimekuwa nguzo ya maabara. Nilitazama huku na huku kuona nani anacheka. Hakuna aliyecheka. Baada ya pilau na soda, msimamizi wetu mpya akanikabidhi fomu ya kuachia kazi. Ilikuwa na mistari kumi ya mafanikio na mistari miwili ya makosa, tena hiyo ya makosa iliandikwa "Changamoto". Niliirudisha ikiwa na saini tu. Haya mengine nayaandika hapa, kwa ajili yenu mnaobaki kwenye chumba cha tishu, kwa sababu jambo ninalotaka kuwaambia halikutosha kwenye mistari miwili.

Nilianza kazi nikitokea chuoni, binti wa kijijini Sepuka, nikijua kupima malaria, choo na mkojo, na nikiamini kwamba hiyo ndiyo maabara yote. Mganga mfawidhi alitazama vyeti vyangu, akanitazama mimi, akasema nitakwenda chumba cha tishu. Nikauliza kwa nini. Akasema aliyekuwapo ameomba kurudishwa kwenye kupima choo. Nilidhani ni utani. Nilipofungua mlango wa chumba kile, harufu ya formalini ikanipiga usoni, machozi yakaanza kunitoka, na mzee aliyekuwa ndani akadhani nalia kwa woga.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ukimaliza kulia funga mlango. Upepo unaleta vumbi."

Huyo alikuwa Mzee Hamisi, fundi wa tishu. Alizaliwa katika familia ya wauza vitambaa pale mjini. Babu yao alitoka pwani na majora ya kanga akaoa huku huku. Ndugu zake wote walikuwa dukani wakikata vitambaa kwa yadi. Yeye alikata nyama za watu kwa maikroni, sehemu ya elfu ya milimita, na kila sikukuu nyumbani walimwuliza ataacha lini.

Kwa asiyejua kazi yetu, niseme kwa kifupi. Daktari akikata kipande kidogo cha ngozi au cha uvimbe, anakileta kwetu kwenye kichupa cha formalini ili kisioze. Sisi tunakikausha maji, tunakizamisha kwenye nta iliyoyeyuka, nta inaganda, tunapata kitofali kidogo chenye nyama katikati. Kitofali tunakifunga kwenye mashine ya kukatia, mikrotomu, na kwa wembe mkali tunatoa utando mwembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya umeupoteza. Utando unaelea kwenye maji ya uvuguvugu, tunauopoa kwa kioo cha slaidi, tunautia rangi, na daktari wa patholojia anauangalia kwa hadubini na kusema kama mtu ana saratani au hana. Jina la daktari linaandikwa chini ya majibu. Jina la aliyekata huandikwa pale tu utando ukichanika.

Wiki tatu za kwanza sikugusa kipande cha mgonjwa. Mzee Hamisi alinipa firigisi. Mkoa huu haujawahi kupungukiwa kuku, na mpishi wa hospitali alikuwa akituwekea firigisi moja kila asubuhi, nikaikata tando mia, akazitupa zote mia. Alinifundisha kukipoza kitofali juu ya barafu, na barafu ikikosekana kukipoza kwa kitambaa kibichi. Alinifundisha kukipumulia taratibu, kama mtu anayesafisha miwani, ili nta isivunjike. Alinifundisha kunoa kisu cha chuma kwenye mkanda wa ngozi, siku hizo kabla ya nyembe za kutupa. Mpaka leo sili firigisi.

Siku moja, bila kuinua kichwa, aliniambia, "Weka kidole gumba juu ya mkono wako. Sukuma ngozi. Kwa nguvu."

Nikasukuma.

"Imetoka?"

"Haijatoka, mzee."

"Mkono huo umefua, umetwanga, umebeba ndoo tangu ukiwa mtoto. Kwa nini ngozi haijatoka?"

"Kwa sababu ni ngozi."

"Hilo si jibu, hilo ni jina."

Ndipo akanieleza, na sijasikia tena mtu akieleza vizuri kuliko yeye, wakiwemo wale waliokuja kutufundisha na projekta. Alisema watu wanadhani seli ni kifuko cha maji. Kifuko cha maji kingepasuka siku ya kwanza. Ndani ya kila seli mna kiunzi, nyuzi nyingi zilizokaza kutoka upande hadi upande, kama fito ndani ya ukuta wa tembe. Pembeni mwa seli kuna vifungo, na nyuzi zile zimefungwa hapo. Kisha kutoka kwenye vifungo zinatokeza nje protini zinazoshika protini za seli ya jirani, mkono kwa mkono. Kwa hiyo ukivuta seli moja umevuta mtaa mzima, na mtaa mzima unakukatalia. Seli za ini zinashikana kwa namna yake, za utumbo kwa namna yake, ndiyo maana ini lina sura ya ini na utumbo sura ya utumbo.

"Na zikiachiana?" nikauliza.

"Utaona," akasema. "Ila kwanza ujue kukata, usije ukasema zimeachiana kumbe umezichana wewe."

Nilikaa naye miaka mingi. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokiri nyumbani, maana nyumbani niliwaambia tu kwamba niko maabara. Upepo wa Singida ulituletea vumbi kwenye slaidi, tukatundika kanga mbichi dirishani. Umeme ulipokatika nta iliganda ikiwa na vipande vya watu sita ndani, tukaiyeyusha upya juu ya jiko la mkaa huku tukiomba isishike moto. Daktari wetu wa patholojia, Dakta Kitundu, mtu wa Iramba aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alitujia Alhamisi moja kila mwezi. Alikuwa daktari mzuri sana mwenye kalamu nyekundu. Utando ukiwa na mkunjo au mpasuko, aliandika kwa wekundu kwenye kitabu chetu: "Imechanika. Fundi awe makini." Kitabu kilikaa mezani, na kila aliyeingia kutafuta chaki au kuchaji simu alikisoma.

Mzee Hamisi alipostaafu akaenda kulima vitunguu Mwankoko, nilibaki peke yangu na kitabu hicho. Nilijiwekea lengo: mwaka mzima bila wekundu. Lilionekana lengo zuri. Kwa kweli nilikaribia kulifikia, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Alikuja mwanamke wa Mungaa anayeitwa Theresia, mkulima, mama wa watoto watatu. Kwa miezi kadhaa alikuwa na vidonda mdomoni. Zahanati walimpa dawa ya fangasi. Vidonda vikazidi. Wakampa dawa nyingine ya fangasi, yenye jina refu zaidi. Ugali ukawa haupiti, akawa anakunywa uji uliopoa. Kisha malengelenge yakatoka kifuani na mgongoni, laini, yakipasuka kwa kuguswa na shuka, na kuacha ngozi nyekundu kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Daktari wa wodi, dada mmoja kijana mwenye akili sana, hakuridhika na neno fangasi. Alikata kipande kidogo pembeni mwa lengelenge jipya na kukileta kwangu.

Nilikifanyia kila kitu kwa utaratibu. Nikakata, nikatia rangi, nikaweka chini ya hadubini. Ngozi ilikuwa imegawanyika. Sehemu ya juu imenyanyuka kama gamba, katikati pana uwazi mkubwa, na ndani ya uwazi seli zimetapakaa ovyo. Nikasema: nimechana. Nikanoa mawazo, nikabadilisha wembe, nikakipoza kitofali upya, nikakata tena. Uwazi ule ule. Nikakata mara ya tatu nikiwa nimebana pumzi. Uwazi ule ule, na kwa jinsi nilivyokuwa nimejishughulisha nao, niliuona mkubwa zaidi.

Dakta Kitundu alikuwa anakuja kesho yake.

Mngetegemea niandike kwamba nilimwonyesha. Mimi pia ningetegemea. Niliweka slaidi ile kwenye droo ya chini, chini ya karatasi za kuchujia, na kwenye kitabu nikaandika sentensi ya adabu kabisa: "Sampuli haikufaa. Irudiwe." Ukiisoma huwezi kujua nani alifanya nini. Dakta Kitundu akaja, akasoma slaidi zote, akafunga kalamu nyekundu bila kuitumia, akasema, "Paulina, mwezi huu umefanya vizuri." Nikasema ahsante.

Theresia alikuwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani kusubiri majibu. Ujumbe wa kurudi ulimfikia, lakini ilikuwa wakati wa kuvuna alizeti, na mtu mwenye nafasi ya kumleta hakupatikana upesi. Wiki zikapita. Aliporudi, alikuja amelala juu ya godoro nyuma ya gari la kubeba mizigo, amefunikwa jani la mgomba lililopakwa mafuta kwa sababu shuka lilikuwa linaondoka na ngozi.

Daktari wa wodi akaniita niwepo wakati anakata kipande cha pili, ili safari hii "kifae". Alilisema neno hilo bila ubaya wowote, nami nikalimeza. Nikiwa nasubiri pale kwenye benchi nikakaa karibu na mume wa Theresia, Yohana, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Tukasalimiana Kinyaturu, akafunguka.

"Majibu ya kwanza yalisemaje, mama?" akaniuliza.

"Hayakutoka. Sampuli haikufaa."

"Sisi tulielewa hivyo pia. Kwamba hospitali haioni ugonjwa. Wazee wakasema, kama hospitali haioni ugonjwa, basi siyo ugonjwa."

"Wakasema ni nini?"

"Dada yangu Monika alikuwa anamchemshia majani ya kusukutua. Tangu vidonda vilipoanza. Wazee wakasema ndiye aliyemuunguza. Walikuwa na ugomvi wa shamba zamani, yeye na mke wangu. Mambo ya kawaida tu." Akatazama mikono yake. "Tumemfukuza. Ameenda na mtoto wake. Alizeti yake bado iko shambani, ndege wanakula."

Nilikuwa na jibu, liko kwenye droo ya chini.

Kipande cha pili kilipita mikononi mwangu kama yai. Nilipokiweka chini ya hadubini, uwazi ulikuwa pale pale. Sasa nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza kuandika tena kwamba hakikufaa. Ya pili ilikuwa Mwankoko.

Nilimkuta Mzee Hamisi anamwagilia vitunguu, buti zimejaa matope. Nikamwambia kuna slaidi nataka aione. Akasema yeye amestaafu. Nikamwambia kuna mwanamke anakufa. Akafunga bomba na kupanda nyuma ya bodaboda niliyokuja nayo, na buti zake zile zile, na mlinzi wa geti la hospitali alitaka kumzuia akidhani ni mgonjwa wa akili aliyenifuata.

Alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Alisogeza slaidi kwa ncha ya kidole, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma barua.

"Umekata vizuri," akasema.

"Mzee, imechanika."

"Imeachana. Kuchanika na kuachana ni vitu viwili. Njoo."

Akanionyesha. Wembe ukichana, alisema, hauchagui. Unapita katikati ya seli, unaacha seli nusu, kingo zimeparuzika, na chini yake nyama nayo imeparuzika. Hapa hakuna seli hata moja iliyokatwa. Zote nzima. Zimeachiliana tu, kila moja peke yake, zimekuwa mviringo.

"Kwa nini mviringo?" akaniuliza, kama niko wiki ya kwanza.

"Nyuzi za ndani hazina tena mahali pa kuvutia," nikasema. "Vifungo vimeachia."

"Na chini?"

Chini, kwenye sakafu ya uwazi, palikuwa na mstari mmoja wa seli zimesimama wima, hazijaondoka. Kila moja imemwachia jirani yake wa pembeni, lakini miguu imeshika ardhi. Nilikuwa nimeuona mstari ule mara ya kwanza na sikuutazama, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa langu.

"Wembe gani unaweza kuchana namna hiyo?" akasema Mzee Hamisi. "Unachana ghorofa yote na kuacha mstari mmoja umesimama kwa adabu, kutoka huku mpaka kule? Kama una wembe wa hivyo niuzie." Akainua kichwa. "Nimeona hii mara moja tu, tulipokuwa na yule daktari wa zamani. Jina lake silikumbuki, lilikuwa na herufi nyingi. Kitundu atalijua. Ya kwanza iko wapi?"

Sikuelewa ameijuaje. Kumbe alikuwa amesoma kitabu. Nikafungua droo, nikatoa karatasi za kuchujia, nikampa. Akaiangalia kwa muda mfupi sana.

"Uliandika sampuli haikufaa."

"Ndiyo, mzee."

"Haya," akasema. "Mpigie Kitundu."

Alhamisi ya Dakta Kitundu ilikuwa mbali. Nikaweka simu juu ya jicho la hadubini nikapiga picha. Ya kwanza ilipigwa na kamera ya mbele, ikaonyesha kope zangu. Ya saba ikafaa, nikaituma. Haikupita muda simu ikaita.

"Paulina, mbona umechana hivi?"

Miaka yote ile nilikuwa naliogopa swali hilo. Nikashangaa kuona jibu langu lilikuwa limeshakaa mdomoni.

"Sijachana, daktari. Angalia mstari wa chini."

Nilisikia pikipiki zikipita huko Dodoma.

"Nipigie picha nyingine, karibu zaidi," akasema. Nikatuma. Kisha sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa ya mtu aliyesimama. "Mgonjwa yuko wapi? Ukisugua ngozi yake isiyo na kidonda kwa kidole, inateleza?"

Daktari wa wodi alikuwa ameshaingia nyuma yangu. Akasema ndiyo, inateleza. Dakta Kitundu akaniagiza nikwangue taratibu sakafu ya lengelenge moja kwa ubapa wa kisu, nipake kwenye slaidi, nitie rangi ya Giemsa. Giemsa ndiyo rangi ya malaria, rangi niliyokuja nayo kutoka chuoni. Baada ya miaka yote ya hematoksilini na eosini, rangi zetu za tishu, na vitofali na nta na barafu, nilirudi kwenye rangi ile niliyodhani ndiyo maabara yote. Kwa nusu saa hivi nilikuwa na jibu: seli za duara, nzima, kila moja peke yake, kiini kikubwa katikati.

"Pemfigasi," akasema Dakta Kitundu. "Anzeni prednisoloni leo. Msingoje karatasi yangu. Na kipande kingine mkiweke kwenye maji yake maalumu, siyo formalini, kije huku tuhakikishe."

Nawaelezea vijana, kwa sababu mtakutana nayo. Mwili una askari wake, kingamwili, wa kupambana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao wanakosea. Wanazikamata zile protini zinazoshikanisha seli za ngozi, kana kwamba ni adui aliyeingia, na zikishikwa haziwezi tena kushika. Vifungo vinaachia, nyuzi zinarudi ndani, seli inakuwa duara, maji yanajaa kwenye nafasi, na hilo ndilo lengelenge. Prednisoloni inawatuliza askari hao. Mdomoni huanza mapema kwa sababu mdomo ni laini na kila siku unatafuna. Siyo fangasi. Hauambukizi. Hakuna aliyemuunguza mtu. Majani ya Monika yalikuwa ya kupoza tu, na huenda yalimpa nafuu kuliko dawa zote zenye majina marefu.

Siku za kwanza tuliogopa. Mtu asiye na ngozi anapoteza maji na kuingiliwa na vijidudu kama mtu aliyeungua moto. Wauguzi walimlaza juu ya shuka zilizopakwa mafuta, wakambadilisha kama mtoto mchanga. Nilikuwa napita wodini kila asubuhi kwa kisingizio cha kuchukua vichupa. Baada ya wiki na siku kadhaa muuguzi aliniambia hajaona lengelenge jipya. Kisha ya zamani yakaanza kukauka. Siku moja nikamkuta Theresia amekaa, anakula uji wa moto. Moto, siyo uliopoa. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo kwa muda.

Dakta Kitundu alipokuja nikamwekea slaidi zote mbili mezani, nikamwambia ile ya kwanza ilikaa wapi. Nilitegemea kalamu. Akaziangalia, akavua miwani.

"Ungenionyesha siku ile," akasema, "ningeandika umechana. Nisingeuangalia mstari wa chini."

Alisema hivyo kunifariji, nadhani. Haikunifariji. Ilimaanisha tu kwamba Theresia alikuwa na watu wawili wa kumkosea na mimi nilimwahi daktari. Kuanzia hapo aliacha kuandika "Imechanika". Akawa anaandika "Tuangalie pamoja", tena kwa kalamu ya bluu, na nikagundua kwamba maneno hayo yananitisha zaidi.

Kwa Theresia nilikwenda mwenyewe. Nikakaa kwenye kitanda cha jirani yake, nikamweleza kwamba majibu yake ya kwanza yalikuwepo, mimi ndiye niliyeyaficha, kwa sababu nilidhani ni kosa la mkono wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile wanamfukuza Monika nilikuwa na sauti, dada," akasema. "Nilikuwa naweza kusema. Nami niliamini." Akageuza uso ukutani. "Kwa hiyo usije kuchukua kosa lote peke yako. Mimi nami nataka langu."

Aliporuhusiwa akaniomba niwasindikize Mungaa. Yohana alikuwa ameshamfuata dada yake alikohifadhiwa na kumsihi arudi, Monika akasema atarudi siku watakayokaa wote waliokaa siku ile. Kwa hiyo Jumamosi moja tulikutana nyumbani kwao: wazee wanne, Yohana, Theresia akiwa na kanga mabegani kwa sababu ngozi mpya ilikuwa bado nyororo, na Monika, mwanamke mfupi, mkavu, aliyekaa karibu na mlango. Nilipomwomba msamaha alinisalimia kwanza, kwa utaratibu wote, nyumbani hawajambo, kazini hawajambo, ndipo akasema amenisikia.

Nilieleza habari za nyuzi na vifungo. Nilieleza vizuri, nikijisifu. Wazee wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, kama watu wanaovumilia tangazo la serikali. Mzee mkubwa kuliko wote akauliza kama kuna ushahidi. Nilikuwa nimeileta ile slaidi ya kwanza, imefungwa kwenye pamba ndani ya kiboksi cha sindano. Kanuni haziruhusu. Nikampa.

Akaishika kwa kingo, akainyanyua kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Bila hadubini, slaidi ni kipande cha kioo chenye doa la waridi dogo kama punje ya mtama.

"Mwanangu," yule mzee akaniambia, kwa upole kabisa, "mimi hapa sioni kitu."

Monika akainuka mlangoni, akaja akaichukua slaidi. Akaitazama, kisha akamtazama yule mzee.

"Na siku ile, baba, mliponiangalia mimi, mliona nini?"